Fimbo ya baba imefikaje mkononi mwangu?

Swali la msomaji: Nina miaka 31, naishi karibu na Ilula, wilaya ya Kilolo. Babu mzaa baba alikwenda migodini Afrika Kusini, akarudi mkali, mtu asiyesemeshwa. Baba naye alitupiga mpaka majirani wakawa wanaingilia. Kaka yangu alijiua mwaka juzi. Alizikwa harakaharaka, na tangu siku ile hatajwi nyumbani. Mdogo wetu wa mwisho anakunywa kila siku. Mimi nina mtoto wa miaka 6 na mimba ya miezi mitano, na nimejikuta nampiga mwanangu huku nikimtolea maneno yaleyale ya baba. Wazee wanasema ni laana ya ukoo, lifanyike tambiko. Mchungaji anataka tufunge siku saba kuvunja mnyororo. Mume anasema Wahehe ndivyo mlivyo. Nianzie wapi? Tena mama anataka mtoto atakayezaliwa apewe jina la kaka. Nikubali?

Jibu:

Kamwene, dada. Pole sana kwa msiba wa kaka. Kwa ulivyoeleza, inaonekana hata hiyo pole hukuwahi kupewa sawasawa.

Nianze na jibu fupi, mengine utayasoma ukiwa umetulia: usianzie makaburini, anzia jikoni kwako, saa ileile unayomshika mtoto. Babu amekwisha kufa, hana haraka. Mtoto wa miaka 6 anayo, maana anachokiona mwaka huu ndicho atakachokidhani kuwa ndiyo malezi. Koo nyingi hufanya kinyume: wanaitana kutoka Dar na Makambako, wanachanga, wanachinja, wanakesha, kisha Jumatatu jioni fimbo iko palepale nyuma ya mlango.

Sasa hilo neno laana. Wazee wako hawakosei wanaposema kuna kitu kinatembea kutoka kizazi hadi kizazi. Wameona kwa macho yao. Wanachokiita laana, sisi tunakiita kiwewe: jeraha la nafsi linalobaki mwilini baada ya tukio la kutisha kupita. Nacho hakirithiwi kwa njia moja.

Njia kubwa kuliko zote ni mwili wa mtoto. Aliyekulia kwenye nyumba ya kipigo hujifunza kusoma nyayo. Anajua kwa mlio wa baiskeli ya baba kama leo kuna usalama, anajua kwa namna mlango ulivyosukumwa. Moyo wake huanza kwenda mbio kabla akili haijauliza kuna nini. Mwili huo ndio ulio nao leo. Mtoto anapomwaga maziwa, mwili wako hauoni maziwa, unaona hatari, na kwenye kabati la hatari kuna maneno ya mtu mmoja tu. Ndiyo maana unamsikia baba akitoka kinywani mwako. Hukuyachagua maneno hayo, lakini unaweza kufundishwa kuyakamata kabla hayajatoka.

Njia ya pili ni ukimya. Mtoto akiona bibi ananyanyuka kila jina la mjomba linapokaribia, anajaza pengo mwenyewe, na kwa kawaida watoto hulijaza kwa kujilaumu: huenda mimi ndiye niliyemkasirisha.

Ya tatu ni maisha yenyewe, na hapa Nyanda za Juu Kusini zina historia yake. Tangu enzi za mkoloni, mikoa hii ilitoa vibarua. Wanaume wa Iringa, Njombe na Rungwe walikwenda kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, wengine wakaandikishwa na Wenela, shirika lililokuwa likikusanya vibarua wa migodini, kwenda Afrika Kusini. Mtu aliondoka kijana na kurudi baada ya mwaka, miwili au zaidi, amelala kwenye mabweni ya wanaume watupu, ameona wenzake wakifukiwa na mwamba, na hakuna aliyemuuliza chochote. Watoto wakampokea mgeni anayeitwa baba. Kikafuata kizazi cha UKIMWI: mpaka leo Njombe, Iringa na Mbeya ndizo zinazoongoza kwa maambukizi nchini, na kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, watoto wengi walilelewa na bibi. Kisha wasichana wakaanza kupelekwa mijini kufanya kazi za ndani wakiwa bado watoto. Hesabu vizuri utaona kwamba katika koo nyingi za huku kila kizazi kimekatishwa malezi mahali fulani. Babu yako hakuzaliwa mkali.

Ya nne ni ile inayopendwa sana mitandaoni: eti majonzi yameandikwa kwenye vinasaba. Upo utafiti wa kweli. Waholanzi waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati wa njaa ya 1944 hadi 1945 walipimwa miaka 60 hivi baadaye, wakakutwa na tofauti kwenye alama za kikemia zinazokaa juu ya jeni na kuamua jeni ifanye kazi kiasi gani. Rachel Yehuda na wenzake huko New York walitafuta alama kama hizo kwa watoto wa Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi, lakini waliopimwa walikuwa wachache na wataalamu bado wanabishana juu ya maana yake. Mimi nisingekushauri utoe hata shilingi kwa mtu anayekuuzia dawa ya kusafisha kiwewe cha kwenye damu. Ushahidi wenye uzito zaidi uko kwenye malezi. Mwaka 1998 Vincent Felitti na Robert Anda walitoa matokeo ya uchunguzi wa zaidi ya watu 9,000 huko San Diego, Marekani: waliopitia aina nne au zaidi za mateso utotoni walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya kupata sonona, ulevi, matumizi ya dawa za kulevya na kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wasiopitia lolote. Hiyo ni hatari iliyoongezeka, haijawa hukumu. Hata miongoni mwao wapo waliozeeka salama.

Na mumeo mwambie hivi, kwa upole. Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898, baada ya kuwindwa na Wajerumani karibu miaka minne tangu boma lake la Kalenga lianguke Oktoba 1894. Ni kiongozi wa vita aliyekataa kukamatwa hai. Kugeuza kifo kile kiwe tabia ya kabila zima ni utani unaoua watu kweli, kwa sababu kijana wa Kihehe akisema amechoka kuishi, watu wanacheka: ndio zao. Mwenzake wa mkoa mwingine angepelekwa hospitali.

Na hapo ipo hatua moja ya dharura inayotangulia hata ile ya jikoni. Familia iliyopoteza mtu kwa kujiua ina hatari zaidi kuliko familia nyingine, na wewe una mdogo anayekunywa kila siku. Muulize wazi, mkiwa wawili, asubuhi kabla hajaanza kunywa: "Tangu kaka aondoke, wewe umewahi kufikiria kujiua?" Litamke neno lenyewe. Kuuliza hakumtii mtu wazo kichwani. Aliye nalo mara nyingi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeona. Akisema ndiyo, muulize kama amepanga namna na lini. Akiwa na mpango, asiachwe peke yake hata saa moja, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Sheria yetu bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na ndiyo sababu familia huficha, lakini mtu anayekuja kusema ana mawazo hayo ni mgonjwa anayetafuta tiba. Hajafanya kosa lolote. Hata akisema hapana, leo hii fanyeni jambo moja: dawa za kunyunyizia nyanya na vitunguu, ambazo ni sumu, zitoke chini ya kitanda. Ziwekwe kwenye sanduku lenye kufuli, nje ya nyumba mnayolala, ufunguo kwa mtu mmoja asiyekunywa. Mawazo ya kujiua huja kwa mawimbi, wimbi kali mara nyingi hupita ndani ya saa chache, na kisichokuwa karibu wakati huo hakitumiki.

Pombe ya mdogo wako nitaigusia kwa ufupi. Msimlazimishe aache kwa siku moja. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, awe wa gongo, komoni au ulanzi mkangafu, akikatishwa ghafla anaweza kuanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24, kupata degedege ndani ya siku mbili, kisha kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Aachishwe chini ya daktari.

Sasa turudi jikoni.

Chukua daftari la kurasa chache. Kwa siku saba, kila unapompiga mtoto au unapokaribia kumpiga, andika vitu vinne: ilikuwa saa ngapi, kabla yake kulitokea nini, mwili wako ulihisi nini kwanza, na wewe ulifanya nini. Usijihukumu humo ndani, andika kama karani. Baada ya wiki utaona mambo hayatokei ovyo. Kwa akina mama wengi saa ni kati ya kumi na mbili na mbili za jioni: moto hauwaki, kuni mbichi, mboga haijaiva, mtoto analia njaa, wewe mwenyewe hujala tangu ugali wa mchana, na mume yuko njiani. Na mwili una dalili yake ya kwanza, ya kwako peke yako: taya kukaza, masikio kupata joto, mikono kuwa myepesi, kifua kubana. Dalili hiyo ndiyo mlango. Kati yake na fimbo zipo sekunde chache, na kazi yetu yote ni kuzirefusha.

Kwanza punguza kuni za moto wenyewe. Mtoto apewe kitu cha kula saa kumi na moja, hata kiazi kimoja cha kuchemsha, na wewe ule. Inaonekana ni jambo dogo mno kwa tatizo la vizazi vitatu, lakini njaa ya watu wawili saa moja usiku imechapa watoto wengi kuliko mizimu.

Pili, fimbo itoke ndani ya nyumba. Ikikubidi utoke uani kuikata, hizo hatua ishirini ni msaada.

Tatu, pumzi. Simama, nyayo zote mbili zikanyage chini uzisikie. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja hadi nne, kisha itoe polepole kwa mdomo ukihesabu hadi sita, kama anayepuliza kaa la moto bila kutaka majivu yaruke. Usiibane katikati, hasa ukiwa na mimba. Mzunguko mmoja ni sekunde 10 hivi, kwa hiyo dakika tatu ni mizunguko 18. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hushuka, na moyo ukishuka kichwa kinarudi. Wengi wanashindwa kwa sababu wanajaribu kwa mara ya kwanza siku wameshakasirika. Fanya kila siku asubuhi na jioni ukiwa mtulivu, kwa wiki mbili, ndipo mwili uijue njia hiyo gizani. Na wapo ambao wakifumba macho na kusikiliza pumzi ndipo kumbukumbu mbaya zinapowajia. Kama ni wewe, acha pumzi, fumbua macho, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona: sufuria, ungo, mlango, kuku, kanga. Nawa uso kwa maji ya baridi. Maji ya Kilolo mwezi wa Julai yanatosha kumrudisha mtu yeyote.

Mwambie mumeo pia, mpeane neno. Ukisema "natoka kidogo," yeye amchukue mtoto bila swali, na mabishano yasubiri mtoto alale.

Kuna siku utampiga tu. Siku hiyo ina kazi yake, na ndiyo kazi ambayo baba hakuwahi kuifanya kwenu: kurudi. Ndani ya saa moja au mbili, mkiwa mmetulia, chuchumaa macho yenu yalingane, useme maneno machache: "Nimekupiga. Nimekosea. Kumwaga maziwa ni kosa dogo, tutafuta pamoja. Kukupiga ni kosa langu, wewe hukulisababisha." Basi. Usiongeze "lakini na wewe." Usimlazimishe akusamehe, wala usimnunulie soda kufidia, atajifunza kwamba kipigo kina bei. Usilie mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza. Mtoto anayeona mzazi anavunja na kurekebisha anapokea urithi tofauti kabisa na wa yule aliyeona mzazi anavunja tu.

Kila siku mpe dakika kumi za kwake peke yake, bila simu, yeye akiamua mnafanya nini: kukimbiza tairi, kuchora udongoni. Usimfundishe kitu, usimsahihishe. Dakika hizo zisitegemee kama siku hiyo alikuwa mwema. Baada ya wiki tatu au nne ukaidi huwa umepungua wenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya ukaidi wa mtoto wa miaka 6 ni kutafuta aangaliwe.

Ukiona jikoni kumetulia kidogo, mwezi mmoja au miwili, hapo ndipo mgeukie ukoo.

Chora. Karatasi kubwa, hata upande wa pili wa kalenda. Wanaume miraba, wanawake duara, waliooana mstari, watoto chini yao. Vizazi vitatu, wewe na ndugu zako chini kabisa. Aliyefariki mkate kwa msalaba. Pembeni ya kila mtu andika mambo ya kweli tu: alikokwenda kufanya kazi, aliondoka akiwa na umri gani, nani alimlea, alikunywa au hakunywa, alifariki vipi. Na usisahau kuandika nguvu zao: nani alisomesha wapwa, nani alijulikana kwa uponyaji wa mifupa, nani alikataa kumpiga mkewe wakati wenzake wote wanapiga. Mtu huyo wa mwisho yupo karibu kila ukoo na huwa hasifiwi. Mtafute, kwa maana yeye ndiye ushahidi kwamba mnyororo uliwahi kukatika.

Wa kumuuliza mara nyingi ni shangazi mkubwa. Usimwendee msibani wala penye pombe. Mwendee wakati mikono ina kazi, mnapukuchua mahindi au mnachambua maharage, kwa kuwa macho yakiwa kwenye maharage kinywa hufunguka. Usianze na tukio. Anza na mahali: "Shangazi, mlikuwa mnalala wapi babu alipokuwa migodini? Mlikula nini?" Matukio yatakuja yenyewe. Ukiona anaanza kutokwa jasho, anatetemeka, anasimulia kana kwamba jambo linatokea sasa hivi, au ananyamaza ghafla akitazama mbali, simama. Mrudishe leo: mpe maji, muulize habari za mbuzi wake, kaeni mpaka atulie. Mzee ana haki ya kunyamaza. Lengo lako ni kujua kilichotokea kwa kiasi cha kutosha ili kisitawale bila jina, na kwa hilo huhitaji kila kipande.

Simulizi yako mwenyewe, ya kipigo na ya kaka, ni bora uipitie na mtu aliyefunzwa. Ipo njia moja nzuri iliyoendelezwa na wataalamu wa Konstanz, Ujerumani, na kutumika kwa wakimbizi nchini Uganda. Inaanza kwa kamba. Kamba inalazwa sakafuni, ncha moja ni kuzaliwa kwako, ncha ya pili inaachwa imekunjwa kwa sababu maisha hayajaisha. Unaweka ua kwa kila jambo jema na jiwe kwa kila jambo baya, kubwa kwa kubwa, dogo kwa dogo, kwa mpangilio wa miaka. Siku ya kwanza ni kupanga na kutaja majina tu: "hili jiwe ni usiku ule wa mwaka 2003." Vikao vinavyofuata, kwa kawaida 8 hadi 12 kwa jumla, kila kimoja dakika 90 hivi, mnapitia kamba toka mwanzo, jiwe kubwa moja kwa kikao kimoja, polepole: uliona nini, ulisikia nini, mwili ulihisi nini wakati ule, na sasa unahisi nini. Mshauri anaandika, kikao kinachofuata anakusomea.

Panapoharibika ni hapa: watu kufungua jiwe na kulikatisha katikati, hofu ikiwa bado juu, mtu akaondoka nayo nyumbani, au kufungua mawe matano usiku mmoja mbele ya umati, maikrofoni inalia. Huko si kupona, ni kuumizwa upya. Kikao kizuri hakifungwi mpaka mapigo ya moyo yashuke.

Usidhani anayeweza kazi hii ni daktari bingwa tu. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2020 ulihusisha watoto 640 waliofiwa na wazazi, Bungoma nchini Kenya na Moshi hapa kwetu. Walisaidiwa kwa vikundi, vikao 12, na watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa, wasiokuwa na taaluma ya afya ya akili. Bungoma na Moshi vijijini watoto hao walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliobaki na huduma za kawaida. Moshi mjini tofauti haikuonekana. Cha kuuliza ni kama mtu amefundishwa na kama ana anayemsimamia.

Nije kwenye tambiko na maombi, ambayo naona ndiyo yanayokuumiza kichwa, maana ukikubali moja unaonekana umelikataa kanisa na ukikubali jingine umewakataa wazee. Silikatai lolote. Tambiko linakusanya ukoo uliotawanyika, linawataja wafu kwa majina, linampa kila mtu jambo la kufanya kwa mikono yake. Maombi yanampa mtu mahali pa kulia. Hayo yote ni dawa. Weka masharti tu, na uyaseme kabla ya siku yenyewe: hakuna atakayenyooshewa kidole kwamba ndiye mchawi au mwenye mkosi, hakuna atakayeachishwa dawa za hospitali, ziwe za presha, za kifafa au za kufubaza virusi, mtoto hachanjwi chale wala hachapwi kutoa pepo, shamba haliuzwi. Wewe na hiyo mimba hamfungi siku saba, na mchungaji mwenye busara hatakulazimisha. Akilazimisha, umeshapata jibu kuhusu huduma yake.

Ningekuwa wewe, ningeuelekeza mkutano huo wa ukoo kwenye kitu kimoja: matanga ya kaka. Alizikwa kama mtu wa kufichwa, na majonzi yaliyofichwa ndiyo yanayohamia kwa watoto. Kichwa cha Mkwawa kilipelekwa Ujerumani. Kikaandikwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba kirudishwe, kikarudi Kalenga mwaka 1954, miaka 56 baada ya kifo, na bado watu walikipokea kwa heshima zote. Miaka miwili ya kaka yako haijapita kiasi cha kushindikana. Pangeni siku. Kaburi lisafishwe, liwekewe alama yenye jina lake na miaka yake. Kila mmoja aseme jambo moja analomkumbukia, liwe la maisha yake, si la siku ya mwisho. Mtu mmoja, ikiwezekana mjomba anayeheshimiwa, aseme wazi: "Alikuwa mgonjwa, hatukujua, tungejua tungemsaidia." Namna alivyokufa isisimuliwe mbele ya watoto na vijana.

Mwanao mwambie kwa kipimo chake: "Mjomba alikuwa na ugonjwa wa mawazo uliomfanya ajiue. Hakuna mtu nyumbani aliyesababisha. Ukiwa na huzuni kubwa, uniambie." Atauliza swali moja, atakimbilia mpira, atarudi baada ya wiki na swali jingine. Jibu lililoulizwa tu. Akifika miaka 11 au 12 ataweza kuoneshwa ule mchoro.

Kuhusu kwenda hospitali. Ukikaa wiki mbili au zaidi huna hamu ya chochote, usingizi umekatika, unaota yaleyale usiku, unashtuka kwa kila mlio, au umeona heri usingekuwepo, usisubiri tambiko wala vikao. Anza na muuguzi wa kliniki ya wajawazito, kwa sababu uko naye kila mwezi, mwambie neno kwa neno ulivyoniandikia mimi. Kutoka hapo kuna hospitali ya rufaa ya mkoa Iringa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kwa hali nzito zaidi Mirembe, Dodoma. Afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri, huduma yake si ya kulipia. Mtoto akiwa hatarini, wako au wa jirani, namba 116 hupigwa bure, na dawati la jinsia na watoto lipo polisi.

Ukiandikiwa dawa, mara nyingi zitakuwa fluoksetini au amitriptilini. Daktari ajue una mimba kabla hajaandika. Zote huchukua wiki mbili hadi sita kuonesha kazi, na wengi huziacha wiki ya kwanza kwa sababu wameona madhara kabla ya faida: kichefuchefu kwa ya kwanza, usingizi na kukauka mdomo kwa ya pili. Usiache ghafla. Amitriptilini ikimezwa nyingi ni sumu ya moyo, kwa hiyo kwenye nyumba yenu ikae kwa mtu mwingine, atoe ya siku moja moja. Valiamu ya kununua duka la dawa ili ulale, hapana.

Limebaki la jina. Kurithisha jina la marehemu ni jambo jema na siwezi kukuambia ulikatae kwa sababu ya namna alivyofariki; kulikataa kwa sababu hiyo ni kumzika mara ya pili. Ila fanya kipimo kidogo. Mkae mezani na mama, mwombe alitamke jina la kaka mara tatu, akisimulia jambo lolote alilolifanya akiwa mdogo. Akiweza, hata kwa machozi, jina liko tayari kubebwa. Akinyanyuka na kutoka, basi bado: mtoto angeitwa jina ambalo bibi yake hawezi kulisema, angeishia kuitwa "babu" au "mdogo," na siku moja angeuliza kwa nini. Msikilize pia mama anavyoongea na tumbo lako. Akisema "mwanangu anarudi," mwambie kwa upendo kwamba huyu ni mtu mwingine anayekuja na maisha yake, jina tu ndilo la mjomba. Na upande wa mume nao una majina yanayosubiri zamu, kwa hiyo wazee wake waulizwe mapema, jina la kaka linaweza kukaa la pili. Mna miezi minne. Kaburi kwanza, jina baadaye.